Mtafuta Kasoro na Mwenye Kukosoa

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mathayo 7:1–6, Mathayo 23:23, 24, Hesabu 12, Yohana 12:1–8, Matendo 18:24–28, Wagalatia 2:11–14, Wagalatia 6:1–5.

Fungu la Kukariri: Mathayo 7:5.

Ni vigumu kumpata mtu kanisani anayekubali kuitwa mtafuta kasoro. Mmoja atasema anaitetea kweli, mwingine atasema yeye hajui kuficha la moyoni, na wa tatu atasema anajenga. Hata hivyo kila kusanyiko linamjua mtu ambaye, ibada ikiisha, hana la kusema juu ya hubiri ila kwamba mhubiri alitaja fungu visivyo. Juu ya kwaya, ila kwamba sare hazikulingana. Juu ya chakula cha wageni, ila chumvi.

Jambo hili ni gumu kwa sababu mara nyingi mtu huyo hasemi uongo. Fungu lilitajwa visivyo kweli, sare zilitofautiana kweli, na chumvi ilizidi. Akishutumiwa, hujitetea kwa urahisi: “Nimesema uongo gani?” Wala si rahisi kumjibu.

Basi maswali ya juma hili ni mawili. Maneno ya kweli yanawezaje kuwa dhambi? Na ikiwa yanaweza, je, Mkristo aonapo kosa anyamaze?

JUMAPILI: Maneno Matatu

Kiswahili kina maneno kadhaa kwa kazi ya kuangalia kilichoharibika, na maneno hayo hayalingani. Matatu yanafaa kuangaliwa kabla ya kufungua mafungu ya juma hili.

La kwanza ni kukosoa. Siku hizi wengi wanapolisikia hufikiri juu ya kusema vibaya, lakini umbo la neno lenyewe linasema jambo jingine. Kutokana na funga hupatikana fungua. Kutokana na kunja, kunjua. Kutokana na choma, chomoa. Ni kauli ya kutendua: kilichofanywa kinaondolewa. Vivyo hivyo, kutokana na kosa hupatikana kosoa. Kwa umbo lake, kukosoa ni kulitengua kosa, kumfungua mtu kutoka katika jambo lililomfunga. Aliyetaja kosa na kuliacha pale pale lilipokuwa hajakosoa bado.

La pili ni kuchambua. Wakulima wa Unguja na Pemba huchambua karafuu kwa kutenga karafuu na makonyo yake. Pamba nayo huchambuliwa kwa kutoa mbegu. Anayechambua anajua anachokitafuta: karafuu safi, pamba safi. Hata makonyo hayatupwi ovyo. Pemba hutolewa mafuta. Mtu angechambua karafuu kutwa nzima, kisha akazimwaga karafuu na kuondoka na makonyo akiyaonyesha majirani, wangemwonea huruma.

La tatu ni kasoro. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kupungua, kutofika mahali palipokusudiwa. Kila anayesoma saa kwa Kiswahili hulitumia: saa tatu kasorobo, yaani saa tatu kasoro robo. Huyo husema saa kwanza, kisha hutaja kilichopungua. Akiulizwa saa naye akajibu “kasorobo” tu, hajasema uongo, lakini aliyeuliza hajui kama ni asubuhi au mchana.

Ndivyo alivyo mtafuta kasoro. Hutaja robo asitaje saa. Katika hubiri la nusu saa lililomrudisha mtu kwa Mungu, yeye ameondoka na dakika moja iliyoharibika. Waswahili husema, “Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.” Hata anayestahili lawama ana haki yake, na anayelaumu ana deni la kuitaja.

Je, ni mara ngapi juma lililopita ulitaja kasoro ya mtu bila kutaja chochote kilichotimia ndani yake?

JUMATATU: Kibanzi na Boriti

Soma Mathayo 7:1–6. Yesu anakataza nini hasa, na anaagiza nini?

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, walichagua maneno mawili ambayo watu wa pwani waliyajua vema: kibanzi na boriti. Boriti ni gogo la mkoko. Kwa karne nyingi maboriti yalikatwa Lamu na katika delta ya Rufiji, yakapakiwa majahazini kwenda Arabuni na nchi za Ghuba. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu na Unguja maboriti hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta yabebe dari, hata upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Kibanzi ni kijipande chembamba kilichobanduka katika mti.

Msikilizaji wa kwanza huenda alicheka. Mtu mwenye nguzo ya dari jichoni anamwinamia mwenzake ili amtoe kibanzi! Lakini mzaha huo una mafundisho mazito ndani yake.

Kwanza, vitu vyote viwili ni mti. Yesu alijulikana kama seremala (Marko 6:3), na kila seremala ajua kwamba kibanzi hutoka katika ubao. Mara nyingi kosa dogo ambalo mtu hulitambua upesi kwa jirani ni la jamii ile ile ya kosa kubwa lililomo ndani yake. Mwenye kiburi huona haraka majivuno ya wengine. Anayependa kusifiwa huwatambua wote wanaotafuta sifa. Analijua jambo hilo kwa sababu anaishi nalo.

Pili, Yesu hakusema kwamba kibanzi si kitu. Kila aliyewahi kuingiwa na kibanzi jichoni ajua kwamba udogo wake haupunguzi maumivu. Jicho huvimba, machozi hutiririka, usingizi hukosekana. Ndugu huyo ni mgonjwa, anahitaji msaada, na hawezi kujitoa kibanzi mwenyewe. Kumwacha hivyo kwa kisingizio cha kutohukumu si upendo.

Tatu, agizo la Yesu lina mpangilio. Boriti itolewe kwanza. Ndipo macho yaone vema. Ndipo kibanzi kitolewe. Wengi huishia katika fungu la kwanza na kulitumia kumnyamazisha kila anayewaonya. Lakini katika sura hiyo hiyo Yesu anawataka wanafunzi wake wajue mahali pasipofaa kuweka lulu (fungu la 6), na wawatambue manabii wa uongo kwa matunda yao (mafungu ya 15–20). Hayo hayawezekani bila kupima mambo. Hakuwakataza watu wake kuona. Alitaka waone vizuri zaidi kuliko walivyokuwa wakiona.

Kazi yenyewe aliyoitaja ni ya tabibu. Atoaye kibanzi jichoni huosha mikono, humkalisha mgonjwa penye mwanga, hushika kichwa chake taratibu, wala hapigi kelele kuwaita watu waje watazame.

Ni badiliko gani hutokea katika sauti ya mtu anayetoka kutubu dhambi yake mwenyewe, anapokwenda kuongea na ndugu aliyekosa?

JUMANNE: Mbu na Ngamia

Soma Mathayo 23:23, 24. Je, kosa la Mafarisayo lilikuwa kujali mambo madogo?

Mafarisayo walitoa zaka hata ya majani ya mboga na viungo: mnanaa, bizari na jira. Walichuja pia vinywaji vyao kwa kitambaa, wasije wakameza mdudu mdogo aliyekatazwa na sheria (Mambo ya Walawi 11:20–23). Ngamia naye alikatazwa (Mambo ya Walawi 11:4). Katika Kiaramu, lugha ya nyumbani ya watu wa Galilaya, majina ya mdudu huyo na ngamia yanakaribiana kwa sauti, hivyo huenda maneno ya Yesu yalikaa vichwani mwa wasikilizaji kama methali.

Wengi husoma fungu hili wakaamua kwamba kujali jambo dogo ndiko kubaya. Yesu hakusema hivyo. Alisema kwamba yale makuu, yaani adili, rehema na imani, yalipaswa kufanywa, na yale madogo yasiachwe. Hakumwambia mtu ameze mbu. Alishangaa kwamba macho yaliyomwona mbu hayakumwona ngamia.

Basi ubaya wa kutafuta kasoro haupimwi kwa udogo wa jambo linalosemwa. Fundi wa saa hushughulika na vitu vidogo kutwa nzima, wala hakuna amwitaye mtafuta kasoro. Mama anayechagua mchele huona kijiwe kisichozidi punje, na familia nzima humshukuru, kwa maana anataka wale. Kinachomtofautisha mtafuta kasoro ni kwamba jambo dogo kwake halimhudumii mtu. Mtu ndiye anayetolewa sadaka kwa ajili ya jambo dogo.

Chukua mfano wa msichana aliyebatizwa miezi michache iliyopita, ambaye Sabato hii amepewa kuongoza darasa kwa mara ya kwanza. Amejiandaa juma zima. Anasoma jina la mji mmoja wa Biblia vibaya, anapitisha dakika nne, na nywele zake amezifunga kwa namna ambayo baadhi ya kina mama hawakuizoea. Baada ya ibada watu watatu wanamwendea kwa zamu. Wa kwanza anataja jina la mji, wa pili saa, wa tatu nywele. Kila mmoja ametaja jambo moja tu, tena dogo, tena la kweli. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba swali lake la mwisho lilimfanya mzee mmoja wa darasa afute machozi.

Robo ijayo, katibu wa Shule ya Sabato anapomwomba aongoze tena, anasema ana kazi nyingi. Mwaka unaofuata haonekani.

Ni nani aliyemwondoa? Kila mmoja wa wale watatu ataapa kwamba si yeye, na kwa kipimo cha mbu atakuwa amesema kweli. Lakini ngamia amekwisha kumezwa: rehema haikuwapo, na nafsi ambayo Kristo aliifia imetoka mlangoni.

Warumi 14:4 inamkumbusha kila muumini kwamba mtumishi huyo ni wa Bwana mwingine. Ungeingia nyumbani kwa jirani, je, ungemfokea mfanyakazi wake mbele ya mwenye nyumba?

JUMATANO: Kilichofichwa Chini ya Lawama

Soma Hesabu 12:1–15 na Yohana 12:1–8. Lawama iliyotamkwa ilikuwa ipi, na jambo lenyewe lilikuwa lipi?

Miriamu na Haruni walianza na mke wa Musa, mwanamke Mkushi. Katika fungu la pili tu jambo lenyewe likajitokeza: je, Bwana amenena kwa kinywa cha Musa peke yake? Mke alikuwa mlango wa kupitia. Uchungu wao ulikuwa juu ya nafasi na heshima. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Mtu anayelalamikia jinsi mweka hazina anavyopanga stakabadhi huenda bado anauguza jeraha la kutochaguliwa mwaka uliopita, na pengine mwenyewe hajui.

Musa hakujitetea. Miriamu alipopigwa kwa ukoma, Musa ndiye aliyemlilia Mungu amponye. Lakini fungu la 15 lina neno ambalo viongozi wa makanisa wangepaswa kulitafakari: Miriamu alifungiwa nje ya kambi siku saba, na watu hawakusafiri mpaka aliporudishwa. Taifa zima, na wanyama na watoto, lilikaa jangwani likingoja kwa sababu ya maneno ya watu wawili. Ni mipango mingapi ya uinjilisti imelala kwa namna hiyo, baraza la kanisa likizunguka jambo moja lisilo na uzito mpaka msimu wa mahubiri ukapita?

Huko Bethania lawama ilivaa nguo nzuri zaidi. Mariamu alimpaka Yesu marhamu ya nardo ya thamani kubwa. Yuda akauliza kwa nini haikuuzwa kwa dinari 300 wapewe maskini. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku (Mathayo 20:2), kwa hiyo 300 ni ujira wa karibu mwaka mzima. Hesabu ya Yuda ilikuwa sahihi, na maskini walikuwapo kweli. Yohana anafunua kilichokuwa chini yake: Yuda ndiye aliyeshika mfuko, naye alikuwa akiiba.

Injili ya Mathayo inaongeza jambo la kuhuzunisha. Katika Mathayo 26:8 wanafunzi ndio wanaokasirika. Watu ambao hawakushika mfuko wala kuiba waliokota lawama ile wakaifanya yao, kwa kuwa ilisikika kama neno la hekima na la kuwajali maskini. Kutafuta kasoro huambukiza. Humfanya anayeshiriki ajione mwenye busara bila gharama yoyote.

Yesu aliwaambia wamwache (Marko 14:6). Kisha akafanya lile ambalo mtafuta kasoro halifanyi: akakitaja kitendo cha mwanamke yule kwa ukamilifu wake, akasema kwamba ni kizuri, akaeleza kilihusu nini, na kwamba kitakumbukwa popote Injili itakapohubiriwa. Wao waliona hasara. Yeye aliuona moyo.

Unapokerwa sana na jambo dogo la mtu fulani, ni swali gani unaloweza kumwuliza Mungu kuhusu moyo wako kabla hujamwendea mtu huyo?

ALHAMISI: Uzi na Sindano

Soma Matendo 18:24–28 na Wagalatia 6:1–5. Priskila na Akila walifanya nini walipoligundua pungufu la Apolo?

Apolo wa Iskanderia alikuwa msemaji hodari na mwenye bidii, lakini aliujua ubatizo wa Yohana tu. Kasoro hiyo haikuwa ndogo. Ilihusu kiini cha mahubiri. Priskila na Akila walimsikia katika sinagogi. Hawakumkatiza mbele ya watu, wala hawakwenda nyumbani kumjadili wakati wa chakula. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Tokeo lake limo katika mafungu ya 27 na 28: ndugu walimwandikia barua ya kumtambulisha Akaya, naye akawasaidia sana waumini wa huko. Kosa lilitenguliwa, mtu akabaki, tena mwenye nguvu kuliko awali. Huko ndiko kukosoa.

Katika Wagalatia 6:1 Paulo anataka aliyenaswa katika kosa arejezwe kwa roho ya upole. Neno la Kigiriki alilolitumia, katartizo, ndilo linalotumika katika Marko 1:19, pale Yakobo na Yohana wanapotengeneza nyavu chomboni. Mvuvi anayetengeneza wavu hulitafuta kila tundu, hata lililo dogo kama kidole, kwa maana samaki watapitia hapo. Mtu asiyejua angedhani anautafutia wavu kasoro. Lakini tazama mkononi: ana uzi na sindano. Hatafuti tundu asiloweza kuliziba, na akimaliza, wavu hurudi baharini.

Je, siku zote kosa lisemwe faraghani? Mathayo 18:15 inaweka hiyo kuwa hatua ya kwanza ndugu anapokukosea. Lakini Wagalatia 2:11–14 inaonyesha hali nyingine. Petro alijitenga na meza ya waumini wa Mataifa, na Paulo akampinga mbele ya wote. Kwa macho ya juu juu lilikuwa jambo dogo: nani anakula na nani. Paulo aliona kwamba kweli ya Injili imeguswa, na kwamba wengi, hata Barnaba, walikuwa wamekwisha kuvutwa. Kosa lilikuwa hadharani, majeruhi walikuwa hadharani, na dawa ikatolewa hadharani. Wala Petro hakupotea. Miaka ilipopita, alimtaja Paulo kama ndugu mpendwa (2 Petro 3:15).

Kwa hiyo kabla ya kufungua kinywa, mambo matatu yapimwe. Je, saa imetajwa kabla ya robo? Je, anayesema ana uzi, yaani yuko tayari kukaa na mwenzake mpaka tundu lizibwe? Na je, anayeambiwa ndiye anayeweza kurekebisha, au ni msikilizaji tu?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Ellen G. White aliandika kitabu kizima juu ya Hotuba ya Mlimani, kilichotoka mwaka 1896. Sura yake ya mwisho ina kichwa chenye maana ya kutohukumu bali kutenda. Mpangilio huo wa maneno unafaa kutafakariwa. Kinachowekwa mahali pa kuhukumu ni kazi, wala si ukimya. Mtu aliyeacha kusema makosa ya wengine lakini hajamsaidia hata mmoja ameshika nusu ya fundisho.

Wapo wanaopinga kwamba, ikiwa mwenye boriti haruhusiwi kugusa kibanzi, basi hakuna atakayemwonya mwingine, kwa kuwa wote wamekosa. Lakini Yesu hakumtaka mtu asiyewahi kuwa na boriti. Alimtaka aliyekwisha kutolewa yake. Huyo ndiye anayejua jinsi inavyouma, na jinsi mkono wa Mwokozi ulivyokuwa mwepesi. Nayo Mambo ya Walawi 19:17 inaunganisha mambo mawili ambayo watu hupenda kuyatenganisha: usimchukie ndugu yako moyoni, na usiache kumkemea. Anayemwona mwenzake akizama katika kosa na kunyamaza ili asiharibu urafiki hajampenda kuliko yule anayepiga kelele.

Basi maneno ya kweli huwa dhambi yanapomchukua mtu aliye mzima kwa sehemu kubwa na kumwonyesha kama kipande kilichopungua, na kumwacha hapo. Mungu angeweza kufanya hivyo kwa kila mwanadamu, na asingesema uongo hata neno moja. Badala yake alimtuma Mwanawe aje, ahesabiwe pamoja na wakosaji, na alitengue kosa kwa mikono iliyotobolewa.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika kikundi, elezaneni tofauti kati ya kukosoa, kuchambua na kutafuta kasoro kwa kutumia mifano ya kazi zenu za kila siku. Ni kazi gani zinazomtaka mtu aone kosa dogo, na kwa nini hakuna anayechukizwa naye?

2. Kamati ya uchaguzi inalazimika kuzungumzia mapungufu ya watu wasiokuwapo. Ni utaratibu gani unaoweza kuilinda isigeuke kuwa baraza la kutafuta kasoro, bila kuizuia kusema kweli inayotakiwa?

3. Mtu aliyezoea kutafuta kasoro ni ndugu pia, na tabia yake ni kibanzi katika jicho lake. Je, kikundi chenu kinawezaje kumsaidia bila kumfanyia kile kile anachowafanyia wengine?

4. Kanuni za kanisa kuhusu mavazi, vyakula na utunzaji wa Sabato zina mambo madogo na makubwa. Kwa kutumia Mathayo 23:23, jadilini jinsi ya kuyafundisha yale madogo kwa waumini wapya bila kuyaacha na bila kuiacha rehema.

5. Mtaje mshiriki mmoja ambaye kasoro yake huzungumzwa mara kwa mara kanisani kwenu, lakini mtajeni kwa Mungu tu, katika sala ya kimya. Kisha kila mmoja ajiulize: ana uzi gani mkononi kwa ajili ya mtu huyo juma lijalo?